Starehe ya Bwana

Sugoi, Eldoret
Desemba 1938

Kaka yangu Nyongesa,

Salamu nyingi. Unga wa wimbi uliotuma umefika, na mtoto ameota meno mawili.

Uliuliza juu ya mazishi ya mume wangu Shitanda. Bwana mwenye shamba aliambiwa mara tatu kwamba breki za trekta zimekufa, na bado akampandisha Shitanda juu yake. Siku ya kuzika alileta blanketi moja, akasema neno la Kizungu, "comfort". Karani Walubengo akatafsiri: "Bwana amekuletea starehe." Starehe, kaka! Kana kwamba naolewa.

Mwalimu wa kanisa alinieleza baadaye kwamba karani alikosea. Neno lile ni faraja, na asili yake huko kwao ni kutia nguvu.

Basi nikapata nguvu. Juma lililopita ngano yote ya Bwana iliungua. Nilimkuta ameketi ngazini, majivu hadi kwenye nyusi. Nikamwekea blanketi lake magotini, nikasema, "Bwana, nimekuletea starehe."

Karani aliitazama mikono yangu, akashindwa kutafsiri.

Ukijibu, usiulize moto ulitoka wapi. Uliza tu kama nimefarijika.

Nimefarijika.

Dada yako,
Nekoye