Jua Lililoingia Mchoroni

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda jumba la sanaa la manispaa, lile la barabara ya ufukweni. Mjomba, kaka yake mama, ni mlinzi pale. Shule imekwisha na nyumbani nimeanza kuota mizizi. Yeye ananiita Redio kwa sababu siongei. "Redio imefika, punguzeni sauti!" Mbele ya watu! Nilitamani kuyeyuka.

Nimeupenda mchoro mmoja tu, ulioko chumba cha ndani. Mwanamke anaanua mashuka ufukweni, mbio mbio, mvua inakuja. Anga lote la kijivu. Nikiutazama, hata mimi nashikwa na haraka.

Mjomba ameniomba niupige picha, kamera ya simu yake imekufa. Mzima, kisha kila kona. Nikamtumia. Ya nini? Eti aibandike ukutani kwake. Mjomba huyu? Ukutani kwake kuna kalenda ya mwaka juzi.

Alhamisi, 13 Machi

Chumba cha ndani kimefunguliwa. Kilifungwa karibu mwezi mzima, dari ilikuwa inavuja, ndivyo alivyosema mjomba. Nimeitazama dari. Hakuna doa la maji. Hata utando wa buibui uko pale pale.

Mchoro upo. Lakini juu kulia, kwenye mawingu, kuna jua. Dogo, jeupe, lina mkia. Jua! Sasa huyu mwanamke anakimbilia nini?

Labda ni taa inang'aa kwenye kioo cha mchoro. Nikasogea kushoto. Nikachuchumaa. Mng'ao wa taa ungehama. Huu haukuhama.

"Redio, umeangusha hereni?" Mjomba, nyuma yangu. Nikasema ndiyo. Akainama kunisaidia kutafuta. Masikio yangu yalikuwa matupu, na alikuwa ameyaona.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefungua picha niliyopiga. Lipo! Taa ya dari imegonga kioo, juu kulia. Jeupe, dogo, lenye mkia.

Mtu amechora kwa kufuata picha yangu. Mchoro wenyewe hajawahi kuuona, angejua hauna jua. Basi ule wa kweli uko wapi?

Nani ana picha hii? Mimi. Na mjomba.

Nimemuuliza mama jikoni, kwa kuzungukazunguka: mjomba anaweza kuchukua kitu cha watu? Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kaka yangu? Yule hata sukari ya humu ndani anaomba ruhusa! Kisha akaacha kucheka. "Kwa nini unauliza?" Basi tu, mama.

Mjomba ndiye aliyetulea tangu baba aondoke. Nikisema, mama atabaki na nani? Nisiposema — picha imetoka kwenye simu ya nani?

Jumapili, 16 Machi

Nilikwenda kusema. Nimejizoeza njia nzima.

Msimamizi wa jumba, yule mama mwenye miwani ya kamba, alikuja kusimama karibu nami. Unaupenda eh, kila siku uko hapa. Nikafungua mdomo. Kiti cha mjomba, ambacho siku zote kinakaa mlangoni, sasa kiko chini ya mchoro. Amekaa, miguu ameinyoosha, ananitazama mimi tu.

Nikasema shikamoo. Nilikuwa nimeshamwamkia! Msimamizi akaitikia tena, akaniambia nina adabu kweli.

Jumatatu, 17 Machi

Jumba halifunguliwi Jumatatu. Mjomba amekuja kwetu mchana na tikiti maji kubwa. Ana habari: amenisemea, kuna nafasi mapokezi, nitaipata. Mama nusura aangushe sahani kwa furaha.

Kisha akanifuata uani. Nilikuwa naanua nguo. Akashika ncha moja ya shuka, mimi nyingine, tukakunja. Akasema polepole: kesho niende na simu. Kuna mchoro mwingine, ule wa ngazi, mzuri kuliko wa kwanza. "Ila safari hii tuzime taa kwanza, mpwa wangu. Ile ya juzi ilituharibia."

Ilituharibia. Na mimi nimo!

Hajaniita Redio.

Nimejifungia chumbani. Simu iko mapajani, picha bado ipo, sijaifuta. Sebuleni wanakata tikiti. Mama anaita, njoo umshukuru mjomba wako. Yeye anasema mwache, anafikiria. Sasa nasikia kiti kinasogezwa. Hakiendi mlango wa nje, kinakuja huku, kimewekwa hapa, nje ya mlango wangu —