Mheshimiwa Alilala Kwanza

Mtani wangu,

Mheshimiwa amekufa. Nakuandikia mimi kwa sababu mke wako, Mama Neema, amesema habari ya msiba hupelekwa na mtani, na samaki yule alikuwa wako.

Tangu tulipokuzika kijijini kwenu Mlali, tanki lako la kioo limebaki pale pale sebuleni Chang'ombe, hapa Dodoma, juu ya meza ya cherehani. Mama Neema alikuwa akiyalaza maji kwenye ndoo kabla ya kuyabadilisha, kama ulivyomwelekeza. Wageni waliendelea kuuliza jina la samaki, naye aliendelea kuwaeleza kwamba ulimwita Mheshimiwa kwa kuwa alishinda akifungua mdomo bila kutoa hoja. Watu walicheka, ikawa kama wewe bado umo nyumbani.

Kisha akaugua. Tumbo lilivimba, magamba yakasimama kama mabati yaliyoinuliwa na upepo, akawa analala ubavu na kuhema kwa taabu. Tulimwita daktari wa mifugo, yule binti uliyemfundisha kazi. Alimtenga, akampa dawa, akangoja. Mwishowe alituambia bila kuficha: "Wazee wangu, huyu haponi. Sasa tunamwongezea mateso tu."

Hapo kila mtu akawa bingwa. Jirani mmoja alisema, "Mwalimu, mmwage chooni, uvute maji, yaishe." Mwingine alishauri friza. Mangi wa dukani alipaza sauti dirishani: "Mlete kwangu, Mwalimu, ndizi ziko jikoni!" Mama Neema alicheka, halafu akajifunika uso kwa kanga. "Shemeji," akaniambia, "mtani ndiye anayezika. Kazi ni yako. Ila asiteseke. Sitaki kumwona akitapatapa."

Unajua mimi si mtu wa wanyama. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote. Ajira ilinileta Dodoma, mimi Mhehe, nikakukuta wewe Mgogo unayenitukana kwa haki ya utani hata kabla ya kunikaribisha kiti. Lakini nilikuwa nimekaa nawe uani siku ulipomlaza usingizi wa mwisho samaki mgonjwa wa mpangaji wenu, nikakuuliza kwa nini usimtupe tu. Ulinijibu, "Mtani, chooni hafi upesi. Anakwenda kufia mahali usipomwona. Hapo umejihurumia mwenyewe." Nikauliza kuhusu friza. Ukasema, "Baridi inamtesa polepole. Kwa kuwa hapigi kelele, ninyi mnadhani amesinzia."

Basi nilifanya kama nilivyokuona ukifanya, na yule daktari alisimama karibu akikagua kipimo cha dawa. Nilichota maji ya tanki lenyewe nikayatia kwenye beseni, kwa kuwa haya ya bomba yenye chumvi yangemshtua. Nilimhamisha kwa bakuli, bila kumshika. Mafuta ya karafuu yanayomlaza samaki, haya haya tunayopaka kwenye jino, nilikuwa karibu kuyadondosha moja kwa moja ndani ya beseni, nikakumbuka ulivyofoka siku ile nilipotaka kukusaidia: "Yataelea, mtani! Utamtia hofu bure!" Nikayatia kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu, nikatikisa mpaka yakawa meupe kama maziwa, nikayamimina kidogo kidogo.

Alizunguka taratibu, akalegea, akalala. Wasio na subira huishia hapo, wakamfukia angali hai. Nilikumbuka onyo lako kwamba aliyelala huamka. Daktari alinikabidhi mchanganyiko mkali zaidi, nikaumimina, tukakaa. Mashavu yake yalipepea kwa nafasi, kisha yakatulia. Tuliendelea kukaa muda mrefu, hadi chai aliyotuletea Mama Neema ikapoa, ndipo daktari alipomgusa, akamtazama jicho, akasema, "Amekwenda."

Nilimzika uani, chini ya mzabibu wako. Wajibu wa mtani niliutimiza: nilimsuta marehemu mbele ya waombolezaji kwamba amekalia kiti muda wote huo bila kuuliza swali hata moja la nyongeza. Mama Neema alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akaniuliza, "Hakuumia?"

Unanijua. Sijibu nisilolijua. Nilimwambia, "Hakuumia, shemeji. Alilala kwanza."

Alisawazisha udongo wa kaburi kwa kiganja. Halafu akauliza swali ambalo hakuwa ameliuliza tangu msiba wako: "Na mume wangu je?"

Siku ile alikuwa ametoka wodini kukutafutia uji. Aliporudi, ulikuwa umeshafunikwa shuka. Mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda, na tangu hapo nimekuwa nikingoja aniulize, kwa maana si jambo la kumtwisha mtu asiyeliomba. Nilimweleza yote. Kwamba maumivu yalikuwa yametulia tangu asubuhi. Kwamba ulivicheka viatu vyangu, ukasema vimeng'arishwa kama vya bwana harusi aliyekimbiwa. Kwamba ulifumba macho, pumzi zikawa ndefu, kisha zikawa chache. Nilikuwa nimekushika mkono, mtani, na mkono huo haukukaza hata mara moja. Nilidhani bado umelala mpaka muuguzi aliponigusa bega.

"Kumbe naye alilala kwanza," akasema.

Akaingia jikoni, akasonga ugali, akala na mboga ya mlenda mbele yangu, mlo kamili wa kwanza tangu tukuzike, akaniongezea na mimi bila kuniuliza. Binti yenu Neema alipopiga simu alimsikia mama yake akizungumza kwa uchangamfu wa zamani, akaomba nipewe simu aniulize kulikoni. Nilimwambia tu kwamba mama yake amekula. 

Asante, mtani. Bila ule mchana uliponikalisha uani kutazama kazi yako, ningemmwaga yule kiumbe chooni, na mke wako ningemjibu kwa pole zile za kila mtu. Uliniachia kitu cha kweli cha kumwambia.

Mvua zikianza nitakuja Mlali, nipalilie kaburi lako na kukusimanga kwa uvivu, kama inavyonipasa. Na hili nakuahidi: popote nitakapoitwa kukaa na anayeondoka, awe mtu au kiumbe wa mtu, sitatoka nje kwa kisingizio chochote. Nitakaa mpaka mwisho, kisha nitakaa zaidi kidogo, ili atakayeuliza apate jibu.

Pumzika, ndugu yangu. Shemeji anakusalimu.

Mtani wako,
Mwalimu