Ile Sawa Yetu

Mama yangu mpendwa,

Hatujambo huku Buruburu. Maji yamerudi, na mjukuu wako Vivian ameng'oka jino la mbele.

Mkwe wako Opicho amepata leseni ya urubani, na sasa yeye na wenzake wananunua ndege ndogo. Wamebakiza mbili za kuchagua: mpya ya viti viwili, na iliyozeeka ya viti vinne. Zote zina injini moja. Nilimuuliza ya spea iko wapi, akacheka hadi akakohoa. Eti ikizima angani, ndege huteleza tu polepole mpaka chini. Chini wapi, mama? Juu ya mabati ya nani?

Akaniuliza, "Tuchukue ya viti vinne, tumbebe na mama?" Nikasema, "Sawa." Ilikuwa ile sawa yetu ya kukataa, uliyokuwa ukimpa baba. Yeye akasikia ya kukubali, akanikumbatia. Tangu hapo, ndege ikipita juu ya nyumba, namwita Vivian aingie ndani.

Wakishainunua, atatua Kakamega kukuchukua, na Vivian ameshaahidiwa kiti. Akikufungulia mlango, nakuomba usimwambie sawa. Mwambie hapana, mama. Mimi neno hilo limenishinda.

Mwanao,
Nerima