Punje Iliyopoa Taratibu

Geita, mwezi wa sita

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Leicester kwa Kaka Umesh, na goti limepata nafuu. Mimi mwanao sijambo, ila vumbi la Geita linanitia mafua kama kawaida yake. Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi, maana ulisema huko huna wa kukizungumza naye ila masufuria. Karatasi za kuuza nyumba ya Shinyanga, aliyotuachia marehemu Baba sote watatu, zimefika, nitazigusia.

Uliniuliza ni hesabu gani hii inayonisahaulisha kula. Povu la sabuni huwa mviringo kwa sababu ngozi yake inavutwa sawasawa pande zote, na ukilisukuma kidogo linajirudia. Lakini vipo vitu, kama madini yanayoganda, ambavyo ngozi yao huvutwa kwa nguvu tofauti kwa kila inakoelekea. Hivyo havitulii vikiwa mviringo. Vina umbo lao, bapa hapa, kona pale, na ukivisukuma vinalirudia lilo hilo. Mimi natafuta tu kama lipo umbo jingine linaloweza kutulia. Ndiyo kazi yote, Mama, na imenila miaka. Huiwaza kitandani alfajiri, wakati mwanga unaingia kwa uvivu, na sijui kama naota au nafikiri.

Juzi nilimwomba Mihayo, yule sonara jirani na shule yetu aliyekusafishia bangili, aniyeyushie punje ya dhahabu safi kisha aiache ipoe taratibu. Mkono una mazoea yake. Wateja wa Geita hawana subira, basi kabla sijafungua mdomo alishaitumbukiza majini. Tulicheka. Akaiyeyusha tena, akapunguza moto kidogo kidogo, na punje ikaota vioo vidogo ubavuni, bapa kabisa, vinang'aa. Nilivitazama hata nikasahau nilipo.

Mchimbaji mmoja, Adam, aliyekuwa akisubiri dhahabu yake, akaja juu. Alisema punje hiyo imechongwa ili iibwe kidogo, na kama sonara anamchonga hata mwalimu, yeye wa duarani, anayeshinda shimoni akichimba, atapona? Mihayo aliapa wee, haikusaidia. Ikabidi aiyeyushe mara nyingine mbele ya macho yake. Vioo vilipojitokeza tena, Adam akasema kwa upole kwamba kumbe ndivyo inavyotaka kukaa.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu wa usingizini, nikituwaza sisi. Huku wanatuuliza kwetu ni wapi hasa. Huko nako wanawauliza. Nimelisukuma jambo hili kila upande, Mama, na kila mara linanirudisha Shinyanga.

Basi nikwambie nililoshindwa kusema kwenye simu. Sikusaini. Wala siji Leicester mwezi wa kumi na mbili kama tulivyopanga. Leo asubuhi nimempigia Kaka Umesh kumweleza, akanifokea, akakata simu. Imeniuma sana, lakini sijabadili neno. Nimepata uhamisho, nahamia kwenye nyumba yetu mwezi ujao, na jirani yetu Apolonia ameshafungua madirisha ya chumba chako.

Najua wewe ulisaini. Kaka aliniambia kwamba ulipokuwa unasaini ulikuwa unatokwa machozi, akadhani ni baridi.

Wabusu wajukuu. Apolonia anakuamkia, na Mihayo anasema bangili zako bado anazikumbuka. Mungu akulinde.

Kama haikuwa baridi, Mama, rudi nyumbani.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Vaishali