Vioo Katika Udongo wa Mama

Mkuyuni, Morogoro
9 Juni 1913

Mpendwa Kaka Benedikto,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Baridi ya Tabora inakutendeaje, na kile kifua chako? Huku mvua zimekatika, maharage tumevuna, na mimi mwili mzima. Moyo ndio sina.

Mama yako kanituma nikuandikie kuwa hajambo. Nimekaa na kalamu asubuhi nzima, nimeshindwa. Kaka, nimemuumiza mama, yeye aliyenilea tangu dada yake, mama yangu mzazi, alipofariki.

Ilikuwa hivi. Mjini wamebomoa ile nyumba ya Mdachi msimamizi wa reli, vioo vya madirisha wakavimwaga mtaroni. Mimi na ujuaji wangu nikajaza kapu. Si unajua mama akifinyanga huchanganya udongo na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika, ili chungu kisipasuke motoni? Nikasema kioo kimepita kwenye moto mkali kuliko kigae chochote, unga wake utakuwa bora. Mama alisita. Nikambishia mpaka akacheka, akasema haya, wewe ndiye uliyekaa mjini.

Nikatwanga, nikachekecha haraka haraka maana nilitaka sifa. Alipokanda, kipande kikamkata kidole gumba cha kulia mpaka kwenye mshipa. Kidonda kimefunga lakini kidole hakikunjiki tena. Ndicho alichokuwa akitengenezea mdomo wa chungu.

Majirani anawaambia alijikata na panga. Mimi hanisemi hata kidogo, na hilo ndilo linalonitesa. Uliponiachia mama ulinishika mkono, kaka. Ukinitukana nitapokea. Nisamehe.

Udongo ule wenye vioo nimeufukia mbali. Sasa nafinyanga mimi, yeye ananielekeza kwa maneno. Wanawake wanaochota maji wananicheka, mwanamume mzima kujipaka udongo. Wacheke tu. Jana tulichoma chungu changu cha kwanza, kikapasuka vipande vipande. Nililia mbele yake bila haya.

Mke wangu Veronika na mtoto wetu Regina wanakusalimu, nawe tusalimie shemeji na mtoto. Mungu akulinde na vumbi la hiyo reli mnayoijenga.

Naishia hapa, mama ananiita. Vile vigae vyangu amevikusanya mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kavitia kinuni. Anasema safari hii nitwange taratibu, ndio unga wa chungu kinachofuata.

Wako akupendaye, mwenye aibu,
Leonard