Maji Saba kwa Ua la Nasrin

Bombambili, Songea
6 Oktoba 2024

Kwa Nasrin, mwenye ua,

Habari za huko Tunduru? Salamu zetu za kanisani sijui kama unazipokea, kwa hiyo naanza na habari tu, usione ni ubaridi. Mimi mzima, goti ndilo linasumbua nikiinama. Wewe na wazazi hamjambo?

Ua lako limefika. Gaspari kaliweka kiti cha mbele cha lori, kalifunga mkanda kama abiria. Mimi mama yake, safari zote nilizopanda lori lile, hajanikumbusha mkanda hata siku moja. Nikamuuliza la nani. Akasema, "La mwenzangu wa kazini, anapima korosho ghalani. Nyumba yao ina joto, ua linaungua." Nikasema haya. Simu ninayo, ila nikipiga nasahau nusu ya maswali, ndiyo maana naandika. Yeye atakuletea.

Karatasi yako ya maelezo nimeisoma polepole, shule yangu ni ya darasa la nne. Ila binti, mbona chunguni hamna udongo? Mkaa na magome ya mti tu! Kitu gani kinaishi kwa kula mkaa? Tena jani lake nimelitazama, ni la gimbi kabisa, nikafukua kwa kidole nione kama lina kiazi chini. Halina. Mkono ukaniwasha mpaka jioni, nikasema ehe, gimbi hili, linaficha ukoo. Basi nimelihurumia. Nimelihamishia kwenye udongo mweusi wa bondeni na mbolea ya hapa nyumbani, nikalimwagia maji ya kutosha lijisikie kwao.

Hilo jekundu linang'aa hadi jirani yangu Mwanaisha akasema la plastiki, akalifinya. Linanukia? Linazaa mbegu? Na hicho kijiti cha katikati cha nini?

Mimi, Mama Gaspari


Tunduru
10 Oktoba 2024

Mama, shikamoo.

Pole na goti. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, joto tu ndilo halitupi nafasi.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa hiyo nianze na la haraka: litoe kwenye udongo leo leo. Hili anthuriamu asili yake hukaa juu ya miti, mizizi imeshika gome na hewa inapita. Tope likiiziba inaoza. Kata iliyolainika na kuwa nyeusi, acha iliyo migumu na myeupe, isuuze, urudishe mkaa na magome. Mbolea mbichi nayo inaunguza. Liweke karibu na dirisha, jua lisilipige. Maji usilipe mpaka kidole kikute pakavu juu. Ukimaliza unawe, utomvu wake ndio uliokuwasha.

Kuhusu ukoo hukukosea, ni ndugu wa gimbi kweli. Halinukii. Na hilo jekundu si ua, mama, ni jani. Maua yenyewe ni vile vidoti vidogo kwenye kijiti.

Nimelilea tangu lina majani mawili. Nakuomba sana.

Mwanao, Nasrin


Bombambili
15 Oktoba 2024

Nasrin,

Hujambo? Goti afadhali, sasa ni moyo.

Mbolea ile ilikuwa ya nguruwe. Nafuga wawili nyuma ya nyumba, na mimi kila kinachoota hapa nakipa hiyo, sikuwaza. Barua yako Gaspari kanisomea mezani, nikamwambia, loo, nimemuunguzia mtu ua kwa mavi ya nguruwe. Akaacha tonge. "Mama, ya nguruwe? Kwenye ua la Nasrin?" Nikamwambia, mwenzako wa kazini ndiye anakukosesha ugali? Akatazama ukutani. Hapo nikauelewa ule mkanda wa lori.

Nikakimbilia kwa Mwanaisha, yeye Mwislamu mwenzako. Akasema aliyofundishwa yeye, kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, na mara moja iwe na udongo. Sasa nikakwama. Wewe unaukataa udongo, Mwanaisha anaudai, nami nimesimama uani na mizizi mkononi sijui nimtii nani! Mwishowe nikakoroga udongo kijiko kimoja kwenye maji ya kwanza, kisha maji mengine sita masafi, haraka haraka lisije likaona ni tope tena.

Majani mengine yamegeuka njano nikayatoa, limebaki moja. Lile jekundu limenyauka, nami ndiyo kwanza nimejua ni jani. Watu wote tunasifia jani!

Bado utalipokea? Na nikikupikia kwangu, utakula? Nauliza kwa kutaka kujua, sikutegi. Mwanaisha nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote hii, kinu changu chake, sijawahi kumuuliza.

Halafu umeandika "mwanao". Ni adabu tu, au kuna jambo?

Mama Gaspari


Bombambili
24 Novemba 2024

Nasrin,

Hujambo? Wazee wazima?

Lori linakuja na kurudi bila barua. Gaspari nikimuuliza anasema "yupo salama", basi, anaenda kuosha vioo vilivyo safi. Labda niliandika nguruwe mno. Nisamehe, sijui namna ya kuliandika jambo hilo kwa upole.

Sitakuchosha. Nakupa habari ya ua kwa kuwa ni lako. Mvua zimeanza, na mzizi mpya umetoka, mweupe, ncha ya kijani. Haushuki chini. Umetoka nje ya chungu unaelekea ukutani, kama mtu anayepapasa mlango gizani. Ni ugonjwa, au ndivyo ulivyo? Nijibu hilo tu, mengine yaache.

Mama Gaspari


Tunduru
8 Desemba 2024

Mama yangu, shikamoo.

Ndivyo ulivyo. Ni mzizi wa hewa, uache upapase.

Kuna jambo, ndiyo. Nilikaa kimya kwa sababu barua yako nilimsomea baba, Mzee Muhsini. Kwetu jina la Gaspari lilikuwa halitajwi, nikaona asikie sauti ya mama yake. Mzee akasikiliza mpaka kwenye nguruwe na yale maji saba, akanyanyuka akatoka. Tangu hapo hakusema nami. Ningekuandikia nini?

Jana, tumemaliza kula, akauliza bila kunitazama: "Yule mama, udongo aliutia maji ya kwanza au ya mwisho?"

"Ya kwanza, baba."

"Ehe. Na ua likapona?"

"Sijui. Nilimwacha bila jibu."

"Mtu akuoshee ua namna ile, halafu wewe hujui kama limepona! Nimekulea hivyo mimi? Twende tukaone."

Kuhusu Gaspari hajasema ndiyo, usije ukafurahi mno. Amesema anakuja kuona ua. Tutafika Jumamosi, tarehe 28.

Chakula chako nitakula.

Mwanao, na safari hii si adabu tu,
Nasrin


Bombambili
15 Desemba 2024

Mwanangu Nasrin,

Asalaam aleikum. Mwanaisha kanielekeza, kama nimekosea herufi mlaumu yeye. Sisi wazima, goti limesahaulika kwa pilikapilika.

Sufuria nimenunua mpya, karatasi ya dukani sijaibandua, baba yako aione mwenyewe. Kuku atachinja mume wa Mwanaisha. Naye Mwanaisha nimemuuliza hatimaye kama angekula kwangu. Akacheka. "Ulikuwa unasubiri nini kuniuliza? Nunua sufuria, nije." Basi atakuwepo siku hiyo.

Nguruwe nimewapeleka Msamala kwa mdogo wangu Benigna, mpaka mtakapoondoka. Sitakudanganya kwamba nimewaacha, ndio waliomsomesha Gaspari. Mzee akiniuliza nitamjibu hivyo hivyo.

Ninachoogopa ni ua. Mtu mzima anatoka Tunduru kuja kuona ua, na ua lenyewe ni jani moja na mzizi ukutani! Ila tangu juzi shinani kumetokeza kitu kimejikunja, chembamba kama kalamu, chekundu. Mwanaisha anasema ua linakuja. Mimi nasema jani. Gaspari anaamka asubuhi analitazama kabla hajanisalimia.

Usiniandikie ni nini. Njooni tuangalie wote.

Mama