Kalamu Nyekundu ya Dirishani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umeketi barazani, na goti halikusumbui kuliko majirani. Sisi hatujambo. Mjukuu wako mdogo ameota jino, mkubwa ameng'oka mawili, kwa hiyo meno ya nyumba hii bado yana upungufu.

Uliniuliza kwenye simu kama bado nalipwa kwa kuchezea kompyuta. Nalipwa, Baba, na wiki hii nimestahili.

Hapa idara ya maji tulikuwa na lundo la meseji za malalamiko ambazo hakuna aliyezisoma tangu mvua zianze. Mkurugenzi akatuita, akasema Ijumaa zitafutwa zote tuanze upya, maana yaliyopita si ndwele. Nikamwambia hii ni idara ya maji, huenda ndwele imo humohumo. Akanuna, lakini akaniachia hadi hiyo Ijumaa.

Nikaandika programu fupi. Si uchawi: inageuza herufi zote kuwa ndogo, inaondoa nukta na mikato, inakata sentensi kila penye nafasi, kisha inahesabu neno lililorudiwa zaidi. Nikaiwasha wenzangu wakiwa wamenizunguka. La kwanza likatoka "ya", la pili "na". Mwenzetu tunayemwita Kasuku akanipa hongera, akasema basi mafundi wapelekwe wakazibe "na".

Nikaorodhesha vijineno vya kutupwa, nikaiwasha tena. Safari hii yakaongoza "samahani", "habari" na "poleni". Kasuku alicheka hadi akashika meza. Alisema mji huu hauna shida ya maji, una ugonjwa wa adabu.

Hapo nikakukumbuka wewe dirishani posta, enzi za telegramu, kila neno likiwa na bei yake. Mtu alikuja na hotuba nzima; wewe na kalamu nyekundu ukakata, ukakata, akaondoka na "Bibi mgonjwa. Njoo." Ulizoea kusema: jiulize, neno hili likitoka, huko telegramu iendako watashindwa kufunga safari? Kwa kipimo hicho nikatupa kila salamu, kila kiapo, kila "jamani". Nikatupa hata "maji". Kasuku akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamjibu kwamba hakuna anayetuandikia sisi kuhusu umeme.

Yakabaki mawili juu kabisa, mara nyingi ndani ya meseji moja: "harufu" na "machinjioni".

Ijumaa asubuhi mafundi walichimba nyuma ya machinjio. Bomba la maji taka lilikuwa limepasuka, likidondokea kwenye ufa wa bomba la maji safi yanayokwenda shuleni. Hilo la shule likafungwa kabla ya watoto kuingia darasani. Daktari aliyewapima alisema tumewahi. Hakuna meseji iliyofutwa. Mkurugenzi alikuja mezani kwangu akanipa mkono mbele ya wote, na Kasuku akapiga vigelegele utadhani yuko harusini.

Sasa nina la kukiri. Mkurugenzi aliponiuliza mbinu ile nimeisomea wapi, sikutaja chuo. Nilikutaja wewe. Anataka idara zote zifundishwe, na somo la kwanza ulifungue wewe, na kalamu yako mkononi. Nimekubali kwa niaba yako bila kukuuliza, na tiketi nimeshakata.

Msalimie Shangazi, na mwambie kikohozi chake nakiulizia. Salamu hizo usizikate. Zilizobaki, ukizitaka kwa bei ya telegramu, ni hizi: Tumeshinda. Njoo.

Kitindamimba wako